Mguu Unaopanda Mlima

Muheto, 9 Februari

Dada Libérata,

Kifundo cha mguu wangu kimevunjika. Honoré, fundi wa baiskeli, amekiangalia leo asubuhi na kusema hakuna kuchomelea kwa soudure kutakakokishika, maana ni alumini, na ufa umekwisha kuzunguka hadi upande wa pili. Sehemu nyingine za mguu ni nzima: kikombe kinachopokea kigutu chini ya goti, bomba, na unyayo wa mpira. Kilichokufa ni kile kipande kidogo kinachounganisha bomba na unyayo. Nimekifunga katika kitambaa, utakipata pamoja na barua hii.

Kilivunjika chenyewe. Nilikuwa natembea uani.

Sasa niko kwenye magongo mawili, na mwenye magongo hana mkono wa kushika jembe. Maharagi yanatakiwa yaingie ardhini kabla ya katikati ya Machi. Mdogo wetu Cyusa anasema atanilimia. Lakini Cyusa ana shamba lake, na mke wake amekwisha kumuuliza Dorothée wangu kama sisi tunatafuta ndugu ao tunatafuta kibarua. Dorothée alimpa mgongo. Alirudi nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Uliza kwenye kituo cha miguu huko Goma kama wana kipande kama hiki. Ukikipata, mpe Mumbere, yule mtu wa Butembo mwenye Fuso. Mke wake, Mama Kasoki, ana duka Mpofi, na motards wao wenye pikipiki wanapita hapa kila siku ya soko. Antena ya simu haijafufuka tangu betri zake zilipoibwa, basi tuandikiane.

Kaka yako,
Evode


Goma, 15 Februari

Kaka Evode,

Kituo hakina kipande. Fundi mzungu aliyekutengenezea mguu aliondoka Goma mwezi wa Desemba. Aliyebaki ameniambia stock imekwisha na hajui nyingine itaingia lini. Alinifungulia kabati nikaona mwenyewe.

Nitakutengenezea mimi. Atelier ya Papa Léopold ninakofanya kazi imepata fraiseuse, mashine ya kuchonga chuma inayoendeshwa na ordinateur, yaani kompyuta. Mimi nachora kipande kwenye ordinateur, Papa Léopold anafunga bonge la alumini kwenye étau inayolibana, na mashine inachonga ikifuata mchoro. Haiongezi kitu, inaondoa tu. Kwa hiyo ninapochora natakiwa nijue kisu chake kitaingilia wapi na bonge litashikwa wapi wakati linachongwa. Kisu ni cha duara, kwa hiyo hakiwezi kutoa kona kali kwa ndani. Nikiichora, mashine itaacha nyama pale na bomba lako halitaingia. Ni mambo ya namna hiyo. Usihofu, kazi hii naijua.

Kipande kilichovunjika nimekipima. Bado nahitaji mambo kutoka kwako. Honoré apime unene wa bomba kwa chombo, asikisie. Aniambie boulon ya unyayo inafunguliwa na ufunguo namba ngapi. Halafu aufunge unyayo kwa mpira wa chambre à air ya baiskeli, mahali ulipokuwa unakaa, nawe usimame nyumbani, kwenye sakafu iliyo sawa, bila bote mguuni. Dorothée akate kadibodi ngumu ambayo upande mmoja utalala kwenye bomba kwa mbele na upande wa pili utalala juu ya unyayo. Kadibodi hiyo ndiyo itanipa pembe ya kifundo. Niandikie pia mlisimama wapi mkiikata.

La mwisho. Kipande hiki kina vis nne, skrubu za kurekebisha pembe, na zote zimelika vichwa. Nani amekuwa akizigusa? Yule fundi alikukataza. Nilikuwepo.

Dada yako,
Libérata


Muheto, 23 Februari

Dada Libérata,

Bomba ni milimita thelathini. Honoré amelipima mara mbili na kukasirika kwamba unamshuku. Boulon ni ya ufunguo 17. Kadibodi ni hii hapa, ya katoni ya biskuti. Honoré alifunga unyayo kama ulivyosema, nikasimama, Dorothée akakata. Tulikata ya pili ili kuhakikisha, zikalingana. Cyusa alipita na jembe lake begani, akatuona tumeinama wote watatu juu ya mguu mmoja.

“Mama, unamushonea bwana yako kiatu ya kartoni?” akamuuliza Dorothée.

“Hii kiatu itakupita kwa kulima,” Dorothée akamjibu. “Weye ngojea tu.”

Mvua zimeanza. Wenzetu wa sehemu ya chini wamekwisha kupanda. Kama kipande kinaweza kusafiri na Mumbere safari hii, kisafiri. Nikikosa msimu huu, watoto watakula maharagi ya kununua hadi Juni, na hakuna wa kutununulia.

Kaka yako,
Evode


Goma, 2 Machi

Kaka Evode,

Kipande kiko tayari. Papa Léopold alikikagua jana na kusema: “Iko muzuri. Hata Fuso ikanyage.”

Utaona hakifanani na cha zamani. Kile kilikuwa na kichwa cha mviringo na zile vis nne. Kichwa cha namna hiyo kinanishinda kuchonga kwenye mashine yetu, na ufa ulianzia kwenye tundu la vis. Nimeviondoa vyote. Changu ni kipande kimoja, pembe imechongwa ndani yake, na hakina chochote cha kulegea. Tulichonga kwanza cha mbao ili kuona kama bomba linaingia. Halikuingia. Nilikuwa nimechora tundu la milimita thelathini kamili kwa bomba la milimita thelathini, na vitu viwili vilivyo sawa kabisa haviingiani. Nikaongeza sehemu mbili za kumi za milimita. Sasa linaingia kwa mkono na kukazwa kwa boulon moja ya pembeni.

Kuna jambo linalonisumbua. Kadibodi yako inanipa digrii sabini na tisa. Nilitarajia karibu tisini. Maana yake vidole vya unyayo vinatazama juu. Nimewaza kwamba labda kikombe cha mguu wako kilitengenezwa kikiwa kimeinama, na pembe ya chini inaurudisha sawa. Papa Léopold anasema mwenye mguu ndiye anayeujua. Basi nimefuata kadibodi.

Lakini maswali mawili hukuyajibu: mlisimama wapi, na nani aligusa vis. Mumbere anaondoka kesho, sina namna ya kungoja. Ukivae kwanza ndani ya nyumba, ukishika ukuta. Kama vidole vinatazama juu ukiwa umesimama wima, usitembee nacho. Kirudishe.

Papa Léopold ameandika karatasi ya kuonyesha askari kwenye barrière za barabarani.

Dada yako,
Libérata


Muheto, 11 Machi

Dada Libérata,

Kipande kimefika, na maharagi yamo ardhini nusu ya shamba.

Mumbere anasema kwenye barrière ya kwanza hawakutaka kusoma karatasi. Askari alikigeuza kipande, akakipuliza kwenye tundu kama filimbi. “Hii ni ya bunduki gani?”

“Chef, hii ni kifundo ya muntu,” Mumbere akamwambia. “Bunduki haivaake bote.”

Wakacheka, wakakaa nacho hadi walipomaliza kula, wakakirudisha.

Kinanishika vizuri kuliko kile cha mzungu. Hakitikisiki. Nasimama shambani kutoka asubuhi bila kuegemea mti, na Cyusa amenyamaza kabisa. Dorothée anauliza akupikie nini ukija.

Watu wa kilima cha ng'ambo walihamisha ng'ombe wao juzi, wakiogopa vita. Sisi tumebaki. Mbegu haihamishwi.

Kaka yako,
Evode


Goma, 19 Machi

Kaka Evode,

Nilisoma barua yako kwa sauti katika atelier. Papa Léopold aliifanya mashine isimame ili asikie, jambo ambalo halifanyi hata kwa wateja.

Sasa nachora puli ya moulin ya kusaga muhogo. Kazi zinaanza kuja.

Lakini barua yako yote ni shamba. Barabarani je? Kanisani unakwendaje? Kutoka mlangoni kwako hadi barabara kuu ni mteremko, halafu ni sawa. Niandikie unavyotembea pale, hatua kwa hatua, kwa sababu digrii sabini na tisa bado sijazielewa. Na usiniambie tena kwamba kinashika. Kwamba kinashika najua.

Ng'ombe wa ng'ambo wamerudi?

Dada yako,
Libérata


Mpofi, 2 Aprili

Dada Libérata,

Kaka yako Evode iko muzima, na iko hapa kwangu. Infirmière Régine, muuguzi wa centre de santé, njo alisema leo asubuhi: kidonda kimeanza kukauka, na kama kitaendelea hivi hawatakata tena. Juma lililopita alikuwa anasema kingine. Alikuwa anasema goti. Sikukuandikia wakati ule maana sikutaka uisome barua ya kusema goti kisha ukae nayo peke yako huko Goma.

Mimi ni Kasoki, bibi ya Mumbere. Hatujaonana. Barua yako ya tarehe 19 ilifika kwangu, motard alishindwa kupita Muheto, hakuna muntu kule. Nimeifungua. Utanisamehe. Evode alikuwa na homa kali, nami nilikuwa natafuta kujua nani wa kuandikia.

Muheto walikimbia asubuhi, inapata majuma mawili sasa, risasi zilipoanza kwa juu. Evode alikuwa shambani. Dorothée na watoto walikuwa nyumbani, walikwenda na wengine, wakapotezana naye. Alifika hapa kwa tipoyi, amebebwa na Cyusa na wanaume watatu ambao hata hatuwajui majina. Kigutu kwa mbele kilikuwa nyama tupu.

Nikauliza, huyu si alipata mguu mupya? Mumbere mwenyewe aliuleta, akajisifu hapa siku nyingi. Nikamuambia Evode auvae juu ya kitambaa, dakika moja tu, anionyeshe. Duka langu lina sakafu ya simenti. Akasimama. Dada, vidole viliangalia dari. Alikuwa amesimama kwa kisigino, kama muntu anataka kukaa na hakuna kiti. Akitaka unyayo ulale chini, goti linakwenda mbele na yeye nyuma yake. Nikamuambia, “Papa Evode, huu muguu unapanda mulima hata kwa duka yangu.”

Hakucheka. Régine, aliyekuja kumufunga kidonda, akamukalisha, akamuuliza polepole, na Evode akasema yote. Sasa nakuandikia alivyosema.

Kule kwao kilima ni kikali. Wanalima kuanzia chini, sura inaangalia juu, nyuma yao ni bonde. Kwa kile kifundo cha zamani kila asubuhi akifika shambani alikuwa analegeza vis kwa ufunguo wa baiskeli, anainua unyayo ulale kwa mulima. Saa ya kurudi analegeza tena, anaurudisha kwa ajili ya njia. Kila siku. Njo maana vichwa vililika, njo maana kilipasuka. Alijua amekatazwa. Na ile kadibodi waliikata shambani, pale anaposimama na jembe.

Weye ukamutengenezea kifundo kisicholegea.

Nasikia kwa Mumbere kwamba kazi hii umeianza juzi tu, tangu mwaka mupya. Sikusemi. Mimi mwenyewe duka nililianza bila kujua kupima mafuta. Lakini nauliza, kwa sababu hapa tunaye muntu ambaye atataka kusimama tena, na Régine anasema ni majuma sita kabla hajatembea na mguu. Uko na muda. Unataka kufanya nini?

Mama Kasoki


Goma, 10 Aprili

Kaka Evode,

Mama Kasoki ameniambia yote. Namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika, na ninakuandikia wewe, kwa sababu mguu ni wako.

Nilikuuliza mlisimama wapi. Nilikuuliza nani aligusa vis. Ungeniandikia neno moja, “shambani,” ningechora kitu kingine. Uliogopa nitasema Cyusa akulimie. Ningesema hivyo, kweli, na ungekataa, kisha ningechora.

Nami nilikuandikia kwamba kazi hii naijua. Kipande chako kilikuwa cha tatu kuchora maishani mwangu. Cha kwanza kilikuwa bawaba ya dirisha, cha pili kishikio cha sufuria. Mwenye kuijua kazi angeiona pembe ile na kukataa kuchonga hadi apate jibu. Mimi niliiona, nikajitafutia maelezo, nikaendelea. Papa Léopold hakunipigia kelele. Ameubandika mchoro ule ukutani juu ya ordinateur, bila kuandika kitu.

Sasa sikiliza ninachotaka kufanya. Kifundo kipya kitakuwa vipande viwili. Cha chini, kinachofungwa kwenye unyayo, kina mashavu mawili kama uma. Cha juu, kinachoshika bomba, kinaingia katikati ya mashavu na kuzungukia boulon moja nene. Chini ya boulon hiyo kinapita kipini cha chuma kisichoshika kutu, unene wa kidole kidogo. Kipini kikiwa katika tundu la kwanza, unyayo uko sawa kwa barabara. Ukikichomoa na kukiingiza katika tundu la pili, unyayo unainuka kwa mlima. Hakuna vis ya kulegeza, hakuna ufunguo. Unachomoa, unageuza, unaingiza. Kazi uliyokuwa ukiifanya kwa siri sasa itakuwa kazi ya kifundo.

Pembe ya mlima ninayo, kadibodi yako ilikuwa ya kweli. Ninayohitaji ni ya barabara. Kidonda kikiruhusu, kifundo kitolewe, unyayo ufungwe kwa mpira kama mara ya kwanza, Régine akushike, Mama Kasoki akate, kwenye sakafu ya duka. Wewe usikate.

Dorothée yuko wapi? Na watoto?

Dada yako,
Libérata


Mpofi, 21 Aprili

Dada Libérata,

Dorothée na watoto wako Buleusa. Motard wa Mumbere amewaona kwa macho yake tarehe 17, kwa dada yake Dorothée, wote wanne. Mdogo anakohoa. Wengine wazima.

Kadibodi imo humu. Mama Kasoki ameikata yeye, na alinikataza nisitazame chini.

Barua yako nimeisoma. Sina cha kuongeza juu ya vis. Shambani nilikuwa mtu kamili, nyumbani nilikuwa mgonjwa wa kuulizwa kama nimekula. Nikachagua kupima shambani. Ndivyo ilivyokuwa.

Uliuliza ninavyotembea kwenye mteremko. Nitakujibu sasa.

Risasi zilipoanza nilikuwa karibu na juu kabisa. Nikageuka nishuke. Hatua ya kwanza goti lilikunjika nikaenda kwa uso. Nikainuka, hatua ya pili vilevile. Mguu ulikuwa unajua njia moja tu. Basi nikageuka tena, nikatazama juu, nikashuka kinyumenyume. Hivyo unyayo ulilala vizuri, kama wakati wa kulima. Nilishuka kilima chote hivyo, mgongo ukielekea barabara. Watu walikuwa wananipita mbio, wamebeba watoto na magodoro. Cyusa akaniona kutoka chini, akapiga kelele: “Evode! Weye unakimbia ao unarudia shamba?” Hata pale mtu mmoja alicheka. Nami nilicheka.

Kwa kuwa nilikuwa natazama juu niliona kila kitu kilichofanyika kwangu. Niliwaona wenye bunduki wakiingia upande wa migomba. Niliona mlango wa nyumba ukifunguliwa, na baadaye moshi. Wengine wote wa Muheto wanasimuliana walivyosikia. Mimi niliona.

Barabarani palikuwa sawa, na pale ndipo mguu uliponishinda. Nilitembea kwa kisigino hadi kigutu kikatoboka, halafu Cyusa akatafuta watu wa tipoyi.

Cyusa alirudi juma lililopita kuangalia. Wale wenye bunduki wamechimba mitaro shambani kwetu kutoka juu hadi kwenye mawe, wakakata maharagi yaliyokuwa yameanza kuchanua. Walimwambia asirudi, na kwamba mahali hapo sasa ni pao.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Toboa tundu moja tu, la barabara. La mlimani halina kazi tena. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ufa wa kile cha zamani ulianzia kwenye tundu. Chenye tundu moja kitakuwa na nguvu zaidi. Nataka kutembea kutoka hapa hadi Buleusa, basi. Hapo sihitaji kuinua unyayo.

Kaka yako,
Evode


Goma, 4 Mei

Kaka Evode,

Kifundo kimetoka kwenye mashine leo kabla ya chakula cha mchana. Papa Léopold amekifunga kwenye bomba, akakiwekea mifuko ya simenti inayozidi uzito wako mara mbili, na kukiacha hivyo hadi saa ya kufunga. Akakipima tena. Amesema: “Haijasogea hata unywele.”

Kadibodi ya Mama Kasoki imenipa digrii tisini na moja. Kabla ya kuchonga nilimtumia swali, na amenijibu kwa karatasi ya motard: mlisimama dukani, mbele ya magunia ya chumvi, bila bote, Régine akikushika kiuno. Hivyo ndivyo swali linavyojibiwa.

Nimesikia kuhusu Dorothée na watoto. Nilikaa chini kwanza, kisha ndipo nikaendelea kusoma.

Uliniomba tundu moja. Kina matundu mawili.

Sitakudanganya kwamba nilisahau. Nilikaa na ombi lako siku kadhaa, na Papa Léopold aliniuliza kama nitafuata tena alichoandika mwenye mguu. Nilimwambia hapana, safari hii nitamkatalia mwenye mguu na nitamwandikia kwamba nimemkatalia. Nguvu si sababu. Mifuko ile ilikaa juu ya kifundo chenye matundu yote mawili.

Sababu ni hii. Matundu hayo lazima yachongwe pamoja, bonge likiwa limefungwa mara moja kwenye étau. Ukishalifungua haliwezi kurudi palepale. Litarudi karibu, lakini kipini cha chuma hakipiti kwenye “karibu.” Nikitoboa moja leo, siku utakapotaka la pili nitalazimika kuanza na bonge jipya, na sijui siku hiyo mimi nitakuwa wapi, wala mashine itakuwa ya nani. Tundu la mlimani lilikuwa lichongwe leo ao lisichongwe kabisa. Sikuweza kuwa mimi wa kuamua kwamba halitachongwa. Hata wale waliochimba mitaro sikutaka waamue hilo hapa ndani ya atelier.

Usipolitumia, lijae udongo. Halitakuumiza.

Pembe zote mbili ni za kadibodi, na kadibodi nimekoma kuziamini peke yake. Nataka kukuona umesimama. Papa Léopold amenipa ruhusa. Natoka Goma na Fuso ya Mumbere Jumanne tarehe 12 Mei, kama barrière zitafunguliwa. Zisipofunguliwa, nitapanda pikipiki ya motard upande wa pili. Régine amekubali tarehe 13, na amesema kama ngozi haijafunga vizuri atatuzuia wote wawili, nami nitamsikiliza.

Essayage, yaani kukijaribu kifundo mguuni, ni Jumatano hiyo, tarehe 13 Mei, saa tatu asubuhi, dukani kwa Mama Kasoki. Tutaanza na tundu la barabara.

Dada yako,
Libérata